Joka Aliyewagawa Wasomaji: Upokezi wa Riwaya ya Eragon na Swali la Kuiga

Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi wasomaji walivyoipokea riwaya ya Eragon ya Mmarekani Christopher Paolini. Riwaya hiyo ilitolewa mara ya kwanza na familia ya mwandishi mwaka wa 2002, kisha ikachapishwa upya na kampuni ya Knopf mwaka wa 2003. Ilifuatwa na Eldest (2005), Brisingr (2008) na Inheritance (2011), na baada ya kimya kirefu ikaja Murtagh (2023). Hatukuiteua kwa kuwa inazishinda riwaya nyingine za majoka. Tumeiteua kwa sababu wasomaji wake wamegawanyika kwa namna inayomfaa mwanafunzi wa fasihi: walioipenda na walioibeza hutaja jambo lile lile. Kundi la kwanza lasema, "Hiki ni kisa tunachokipenda." Kundi la pili lasema, "Hiki ni kisa tunachokijua." Hoja yetu ni kwamba tofauti hii haitokani na ladha tu, bali na vitabu ambavyo msomaji alikuwa amevisoma kabla ya kukifungua hiki.

Kisa na kilio cha wasomaji

Kwa wasioisoma, kisa ni hiki. Eragon, kijana wa miaka kumi na mitano anayelelewa shambani na mjomba wake, anaokota milimani jiwe la buluu lililong'arishwa. Jiwe hilo ni yai. Anaanguliwa joka jike, Saphira, anayezungumza na kijana huyo kwa fikra. Watumishi wa mfalme dhalimu Galbatorix wanamuua mjomba, na Eragon anaondoka kijijini pamoja na Brom, mzee msimulizi wa hadithi ambaye baadaye atatambulikana kuwa alikuwa mmoja wa Wapanda Majoka wa kale. Brom anamfunza upanga na uganga, kisha anauawa. Eragon anamwokoa Arya, mwanamke wa jamii ya Waelfi, kutoka gerezani, na safari inaishia katika ngome ya waasi waitwao Varden, ambako anamuua Durza, mchawi aliyepagawa na mapepo.

Msomaji aliyetazama filamu ya Star Wars ya mwaka wa 1977 atakuwa ameanza kutabasamu. Huko pia kuna kijana wa shambani anayelelewa na mjomba, mzee aliyekuwa shujaa wa chama kilichoangamizwa, binti mfungwa, na waasi wanaopambana na dola. Aliyemsoma Tolkien atatambua Waelfi, vibete wachimba miamba, na hata mlio wa majina ya mahali. Aliyemsoma Anne McCaffrey, ambaye Dragonflight yake ilitoka mwaka wa 1968, ataujua uhusiano wa kifikra unaofungwa baina ya joka na mpandaji wake pindi yai linapoanguliwa. Naye aliyemsoma Ursula Le Guin, A Wizard of Earthsea ikiwa ya mwaka huo huo wa 1968, atasema kwamba wazo la kukitawala kitu kwa kulijua jina lake la kweli si geni. Orodha hii ndiyo silaha kuu ya walioikataa riwaya. Paolini mwenyewe hajawahi kuficha kwamba alikuwa msomaji mkubwa wa fantasia. Amekwisha kusema kuwa wazo la yai lilichochewa na kitabu cha watoto cha Bruce Coville kuhusu mvulana anayeangua joka.

Waliomtetea walizitaja hoja mbili. Ya kwanza ni umri: alianza kuandika akiwa na miaka kumi na mitano, nyumbani kwao Montana, na akazunguka na familia yake akikinadi kitabu katika shule na maktaba zaidi ya mara 130, mara nyingi akiwa amevaa mavazi ya Enzi za Kati. Mwana wa kambo wa mwandishi Carl Hiaasen alikipenda, na Hiaasen akakipeleka Knopf. Ni kisa cha kuvutia, lakini kwa mtazamo wetu hakina nafasi katika uhakiki. Sentensi dhaifu ni dhaifu, awe aliyeiandika ni barobaro au ajuza. Hoja ya pili ndiyo yenye uzito, nayo ni kwamba mamilioni ya vijana waliikesha riwaya hii usiku kucha. Je, wote hao walikosea?

Upeo wa matarajio

Hapa ndipo nadharia ya upokezi inapotufaa. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka wa 1967 huko Konstanz, Ujerumani, alieleza kuwa hakuna msomaji anayekikabili kitabu akiwa mtupu. Kila mmoja huja na upeo wa matarajio uliojengwa na tanzu anazozijua na kazi alizozisoma. Kwa Jauss, thamani ya kazi inahusiana na umbali uliopo kati ya upeo huo na kazi yenyewe. Kazi inayotimiza matarajio yote bila kuyasogeza huelekea kuwa burudani ya kupita.

Nadharia hii huelezwa mara nyingi kana kwamba kuna upeo mmoja tu katika kila zama. Wasomaji wa Eragon wanatuonyesha vingine. Kijana wa miaka kumi na miwili aliyeisoma mwaka wa 2003 kabla ya Tolkien na McCaffrey alikuwa na umbali mkubwa wa kuuvuka, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kipya kwake. Mtu mzima aliyekwisha kuzisoma fantasia arubaini hakuwa na hatua hata moja ya kupiga. Kitabu ni kimoja, mwaka ni mmoja, ila umbali si mmoja. Na wapo waliokuwa vijana wakati huo ambao, walipoirudia wakiwa watu wazima, walihama kutoka kundi la kwanza hadi la pili. Wengine waliona haya kwa kuwahi kuipenda. Haya hiyo, kwa maoni yangu, haina msingi.

Msomaji wa Kiswahili naye ana upeo wake, na unaanzia katika neno lenyewe. Joka kwetu ni nyoka aliyekuzwa. Aliyelelewa kwa Biblia ya Kiswahili alikutana naye katika Ufunuo akiwa mwekundu, mwenye vichwa saba, na ni adui. Mimi mwenyewe nilipoazimwa riwaya hii na mwenzangu wa bwenini, nilizisoma kurasa nyingi nikingoja siku Saphira atakapomgeuka kijana yule na kummeza. Hakumgeuka. Kwa msomaji wa Marekani wa mwaka wa 2003, joka rafiki alikuwa jambo la kawaida. Kwangu alikuwa mshangao uliodumu sura kadhaa.

Je, kuiga ni kosa?

Shutuma ya kuiga yahitaji kupimwa kwa makini zaidi, maana sisi tunaosoma tendi na ngano tunajua kuwa marudio si dhambi. Chukua ngano ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka wa 1870. Mwana mdogo wa sultani, anayedharauliwa, anatoka kumwinda nunda mla watu. Kila mara anamletea mama yake mnyama tofauti, na kila mara anaambiwa kuwa huyo siye. Hadhira haichoki, kwa kuwa utamu umo katika kungojea kinachojulikana. Mdogo anayewapita wakubwa, mnyama anayetisha nchi, safari ya kumtafuta: hizi ni motifu ambazo hakuna fanani anayezimiliki. Mwaka wa 1949 Joseph Campbell alidai kuwa visa vya mashujaa wa mataifa mengi hufuata mkondo mmoja wa kuondoka, kujaribiwa na kurejea, na mtunzi wa Star Wars amekiri kuutumia mkondo huo. Kwa hiyo kumwambia Paolini kuwa amemwiga George Lucas ni kusahau kwamba Lucas naye alichota kisimani.

Hata hivyo, tusilitumie neno mwingilianomatini kama blanketi la kufunikia kila uzembe. Fanani wa ngano husimulia mbele ya watu wanaokijua kisa, na wote wanajua kuwa wanakijua. Riwaya iliyochapishwa huuzwa kwa ahadi ya upya. Isitoshe, kuna tofauti kati ya kuchukua motifu na kuchukua mpangilio wa motifu kumi kwa utaratibu ule ule. Hapo walioibeza riwaya wana haki. Kifo cha mjomba, ufunzi wa mzee na kifo chake vinafuatana kwa namna ambayo msomaji mzoefu hapati taharuki. Anahesabu tu.

Kosa kubwa zaidi ni la lugha. Usimulizi wa kitabu hiki cha kwanza umesheheni vivumishi. Jua halichwi bila kupewa rangi tatu, na wahusika wanaozungumza kama wanakijiji katika ukurasa mmoja huzungumza kama makabaila katika ukurasa unaofuata. Uigaji usingewaudhi wengi kiasi hicho kama sentensi zingekuwa imara. Msomaji akichoshwa na sentensi, huanza kutafuta makosa ya msuko.

Panapostahili sifa napo pasemwe. Wolfgang Iser alionyesha kuwa matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe. Paolini anaacha pengo moja zuri mno. Eragon, akitafuta jina la joka wake, anamwomba Brom majina ya majoka wa kale. Mzee anayataja mengi, na la mwisho analitamka kwa sauti ya chini: Saphira. Kijana anamsomea joka majina ya kiume, yote yanakataliwa, hadi anapong'amua kuwa joka ni jike, na jina hilo la mwisho likakubaliwa. Msomaji anapita. Sura nyingi baadaye, Brom akikata roho, anafichua kuwa aliwahi kuwa Mpanda Joka na kwamba joka wake aliyeuawa aliitwa Saphira. Ndipo tunapotambua kuwa mzee huyu alikuwa ameishi kwa miezi kadhaa akisikia jina la marehemu wake likiitwa kila siku. Hili halikutoka kwa Lucas wala Tolkien.

Kinga na kukingwa

Tukio linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha linaanzia katika riwaya ya kwanza na kuzaa matunda katika Eldest. Katika ulimwengu huu uganga hufanywa kwa lugha ya kale, ambayo asemacho mtu ndicho kiwacho, na kila tendo humgharimu mganga nguvu sawa na zile ambazo angetumia kulitenda kwa mikono. Eragon anaombwa kumbariki mtoto mchanga yatima. Anatunga sentensi ya baraka akiwa na ujuzi mdogo wa sarufi, akikusudia mtoto akingwe na balaa. Kwa kukosea umbo la neno moja, anatamka kuwa mtoto awe ngao. Mtoto huyo, Elva, anageuka kuwa kiumbe anayeyahisi maumivu ya kila aliye karibu naye na kusukumwa kuyazuia. Anakua upesi kupita kiasi, mwili wa mtoto mdogo ukitoa sauti ya mtu mzima aliyechoka.

Anayezijua kauli za vitenzi atauona ubavu wa jambo hili mara moja. Katika Kiswahili, kati ya mtoto akinge na mtoto akingwe pana sauti moja tu, /w/ ya kutendwa. Wapo wasomaji waliosema kuwa tukio hili ni hila ya mwandishi ya kuongeza kurasa. Sikubaliani nao hata kidogo. Wazo la jina la kweli ni la Le Guin na wengine waliomtangulia, lakini kulishusha wazo hilo hadi kwenye kiambishi, na kumfanya shujaa awe na hatia kwa sababu ya sarufi, ni kazi ya mtu aliyekichukua cha watu akakifanyia kazi. Shujaa anapongezwa na umati kwa baraka hiyo, ilhali tayari ameharibu maisha ya mtu.

Kuhusu vitabu vilivyofuata, malumbano yalikuwa mengine. Mfululizo ulikuwa uwe wa vitabu vitatu. Mwaka wa 2007 ikatangazwa kuwa vitakuwa vinne, na wengi wakanung'unika kuwa kisa kinavutwa. Mwisho wa Inheritance, ambapo Eragon anaihama nchi aliyoikomboa bila kufunga ndoa na Arya, uliwaudhi wasomaji wale wale waliomtetea mwandishi dhidi ya shutuma ya kuiga. Safari hii alikuwa ameuvunja upeo wao. Filamu ya mwaka wa 2006 haihitaji maneno mengi. Mashabiki na mahasimu waliikataa kwa kauli moja.

Zoezi

Kwa wanaotaka kulifanyia kazi darasani, teueni wasomaji wawili wa kitabu hiki, mmoja aliyewahi kusoma fantasia na mwingine asiyewahi. Wapeni sura ya Eragon na Brom wakizungumzia majina ya majoka, na kila mmoja aandike anachotarajia kitafuata. Kisha wapeni sura ya kifo cha Brom. Linganisheni si nani aliyebashiri vyema, bali ni nani aliyerudi nyuma kuisoma tena sura ya kwanza, na alirudi kutafuta nini.