Jua, Chokaa na Meno ya Mtoto

Mtoto akitoa jino la kwanza nyumba nzima hufurahi. Kwa kawaida huwa na umri wa miezi 6 hivi. Lakini jino hilo halikuanza kutengenezwa siku hiyo. Lilianza mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, kabla mimba haijatimiza miezi 5.

Jino hukua likiwa limefichwa ndani ya ufizi. Mwanzoni ni laini, kama punje ya hindi bichi ambalo bado lina maziwa. Hukomaa polepole kwa kupata chokaa. Hii si ile chokaa ya kupaka ukutani. Ni madini yaliyomo katika chakula, kama vile maziwa, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

Lakini kula chakula chenye chokaa tu hakutoshi. Chokaa lazima itoke katika utumbo iingie katika damu, ndipo ifike kwenye mifupa na meno. Inayosaidia kazi hiyo ni vitamini D. Ikipungua, chokaa nyingi hupotea chooni. Mtoto huweza kupata matege. Miguu yake hupinda. Meno huchelewa kuota, na yakiota huweza kuwa na vishimo. Jino lenye vishimo huoza upesi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mtaalamu May Mellanby wa Uingereza alichunguza meno ya watoto wa mbwa. Wale waliokosa mafuta yenye vitamini hii walipata meno mabovu.

Vitamini D hutoka wapi? Samaki wenye mafuta, maini na kiini cha yai wanayo. Lakini sehemu kubwa hutengenezwa na ngozi yetu wenyewe ikipigwa na jua. Utasema, "Jua tunalo tele!" Ni kweli. Lakini mtoto anayefungiwa ndani miezi mingi, au anayefunikwa gubigubi kila anapotolewa nje, halipati jua hilo. Maziwa ya mama ni chakula bora kabisa kwa mtoto mchanga, ila vitamini D iliyomo ni kidogo. Basi mtoe mtoto nje kila siku kwa muda mfupi, mikono na miguu ikiwa wazi. Ngoja jua lipande kidogo, lakini lisiwe kali. Mkinge kichwa na macho. Mama mjamzito naye apate jua, na ale dagaa na mayai akiweza. Mtoto mwenye ualbino asiwekwe juani, maana jua huiunguza ngozi yake na baadaye huweza kuleta saratani. Huyo muulizie kwa mganga wa zahanati.

Na sisi watu wazima? Vitamini D husaidia kuimarisha mfupa unaoshika meno. Lakini ufizi unaotoa damu mara nyingi umechokozwa na utando wa uchafu, na jua haliwezi kuuondoa. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala. Hata mswaki wa kijiti unafaa.

Sasa kuna jambo moja la hatari. Mtoto mchanga akipata homa au kuharisha, wapo watu wanaomfunua ufizi na kuona kitu cheupe kimevimba. Husema ni "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni", nayo ndiyo yanayomwumiza. Kisha hukichimbua kwa kisu, au hata kwa spoku ya baiskeli. Ndugu msomaji, kile kitu cheupe ni jino lenyewe, lile hindi bichi tulilolitaja, likingoja kukomaa. Ukilichimbua, mtoto atakosa jino hilo. Hata jino la ukubwani lililo chini yake huweza kuharibika. Wako waliokufa kwa kutokwa damu au kwa kuingiwa na vijidudu. Na ile homa? Inabaki pale pale, kwa sababu haikuletwa na jino. Huenda ni malaria. Huenda ni homa ya mapafu.

Mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo. Njiani endelea kumnyonyesha. Bibi au jirani akikuambia ufizi umevimba, mjibu kwa heshima kwamba jino linakuja, na litatoka lenyewe.