SOMO LA VIKUNDI: KABLA YA KWENDA PWANI



Somo hili tunalianza na kisa. Kikundi kimoja cha akina mama na vijana kilituita kuja kutatua ugomvi. Kilikuwa kimetoa pesa kwenye sanduku ili kijana wao anunue vinyago vya mawe ya Tabaka, avipeleke Mombasa, auze na kurudi na faida. Mzigo uliuzwa vizuri. Wakati wa kurudi, jirani yake ndani ya basi, mtu mzima mwenye maneno ya heshima, alimkaribisha soda. Kijana aliamka siku ya pili akiwa hospitalini, na mfuko hauna kitu.

Hapo ndipo shida ilianza. Nusu ya wanachama walisema amekula pesa. Wengine walitaka mbuzi wa mama yake wachukuliwe. Mama mwenyewe, ambaye alikuwa mwanachama tangu mwanzo, akaacha kuja mikutanoni. Sisi tulipokaa nao na kuuliza, "Kabla hajaondoka mlimwambia nini?", wote walinyamaza. Walimpa mzigo na nauli, lakini elimu ya safari hawakumpa.

Kutoka Kisii kupitia Narok na Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 800. Kila mwezi watoto wetu wanakwenda huko: kuuza mawe, kutafuta kibarua cha mjengo, kufanya kazi za nyumbani na hotelini. Kwenda si kosa. Lakini wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

KUSUDI LA SOMO: Mwisho wa mazungumzo haya kila mwanachama aweze kueleza hatari kubwa za safari na maisha ya Pwani, na kikundi kiwe kimepatana juu ya kanuni zake.

1. KABLA YA KUONDOKA

Msafiri aache nyumbani karatasi yenye mambo haya: anakwenda mtaa gani, kwa nani, namba ya simu ya mwenyeji wake, na siku ya kurudi. Abebe kitambulisho chake cha kweli. Treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa, iliyoanza mwaka 2017, nayo huitaka namba ya kitambulisho wakati wa kukata tiketi.

Kama ni kazi ameitiwa, tuulize maswali bila haya. Mwajiri ni nani? Mshahara ni kiasi gani? Analala wapi? Nani wa kwetu amewahi kufika huko? Mtu anayeahidi mshahara mkubwa kwa msichana asiye na ujuzi, tena anataka waondoke usiku huo huo na wazazi wasijue, huyo si msaidizi. Kenya ina sheria ya mwaka 2010 dhidi ya biashara ya kuuza watu, na mtoto wa chini ya miaka 18 analindwa zaidi. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, na kuipiga hakuna malipo.

2. NJIANI

Kulishwa dawa ya usingizi, au kama watu wa mjini wanavyosema, "kuwekewa mchele", kunafanyika kwa soda, biskuti, peremende, hata chai. Mwizi wa namna hii hana sura ya mwizi. Anaweza kuwa mama mwenye mtoto, au mtu aliyeshika kitabu cha dini. Basi tule chakula tulichobeba au tulichonunua wenyewe. Ukiacha chupa yako ukienda msalani, ukirudi usiinywe tena. Kukataa kwa upole si ubaya: "Asante ndugu, nimeshiba" inatosha.

Pesa ya kikundi isisafiri mfukoni. Ukishauza, itume kwa simu kwa mweka hazina au iweke benki hapo hapo Mombasa. Namba ya siri usimpe mtu, hata akisema ametoka kwa kampuni ya simu. Na mzigo mkubwa wasindikizaji wawe wawili.

Funga mkanda. Dereva akikimbiza gari au akisinzia, abiria wote waseme kwa pamoja, maana sauti ya mmoja makanga huidharau. Tukiweza, tusafiri mchana.

3. FERI NA BAHARI

Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, Mombasa, na watu 272 wakafa. Ilibeba watu kupita kiasi, nao walijazana upande mmoja. Wengi walikuwa wakivuka kwenda kazini. Tujifunze nini? Feri ikiwa imejaa, ngoja nyingine. Ukiingia, sogea katikati, usisukumane mlangoni. Tarehe 29 Septemba 2019, hapo Likoni, gari lilirudi nyuma likatumbukia, na mama pamoja na binti yake wakafa maji. Kwa hiyo ukiwa ndani ya gari kwenye feri, dereva avute breki ya mkono, na madirisha yawe wazi.

Bahari si mto Gucha. Mto unaenda upande mmoja siku zote. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanatoka mbali sana na kurudi kwa nguvu, na tofauti ya juu na chini inaweza kupita mita 3. Mgeni anaona mchanga mkavu, anatembea mpaka kwenye mwamba kuokota makombe. Maji yakianza kurudi yanajaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake. Anapogeuka, njia haipo. Waulize wavuvi kwanza: "Maji yanajaa saa ngapi?" Watakujibu vizuri, maana ndio saa yao ya kazi.

Ukiogelea na mkondo ukakuvuta kwenda ndani, usipigane nao. Utachoka na kuzama. Elea, inua mkono uonekane, halafu ogelea kwa upande, sambamba na ufuo, mpaka utoke ndani ya mkondo. Ndipo urudi nchi kavu. Asiyejua kuogelea asipite kiunoni. Na mtu akiwa amekunywa pombe au mnazi, asiingie kabisa.

4. AFYA

Sisi tunaishi juu milimani kwenye baridi. Pwani kuna joto kali, hasa Januari mpaka Machi. Anayefanya kazi ya mjengo anywe maji safi mara kwa mara bila kungoja kiu, na apumzike kivulini jua likiwa la utosi. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na maji kuwa ya kisima si kusema ni safi. Yachemshwe au yatiwe dawa, kwa sababu kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara.

Malaria ya Pwani isichukuliwe kama mafua. Anayetoka sehemu za juu mwili wake haujazoea, na ugonjwa unaweza kupanda kichwani upesi. Lala ndani ya neti kila usiku, hata kama joto linakusumbua. Ukisikia homa, pimwa ndani ya siku moja. Ukipewa dawa ya siku tatu, imalize, hata kama siku ya pili umepata nguvu. Ukirudi nyumbani ukaugua, mwambie mhudumu wa zahanati kwamba ulikuwa Pwani.

Kuna pia homa ya denge, iliyowahi kuenea Mombasa, kwa mfano mwaka 2013 na 2017. Mbu wake huuma mchana na huzaa kwenye maji yaliyosimama ndani ya mapipa na magurudumu ya zamani. Homa ikija na maumivu makali ya viungo na nyuma ya macho, usimeze aspirini, maana inaweza kuongeza kutoka damu. Nenda kapimwe.

5. KUISHI NA WENYEJI

Huko sisi tunaitwa "watu wa bara". Jina hilo lina historia ya uchungu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na baadaye watu wa bara wakauawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbia. Wengi walilala kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Wakati ule ulikuwa wa siasa za uchaguzi. Mwezi wa Juni 2014, Mpeketoni huko Lamu, watu zaidi ya 60 waliuawa. Anayekwenda Lamu kwa barabara aulize polisi hali ya njia kabla ya kupita Garsen.

Hatusemi haya ili tuwachukie wenyeji. Wengi wao waliwaficha majirani zao. Tunasema ili tuelewe kwamba usalama wa mgeni ni ujirani wake. Mzee anaamkiwa shikamoo. Mlangoni unapiga hodi na kuvua viatu. Mwezi wa Ramadhani hatuli hadharani mbele ya wanaofunga. Misitu ya kaya ni mahali patakatifu pa Wamijikenda. Haiingiwi bila ruhusa ya wazee. Tusicheke Kiswahili chao wala kujisifu kwamba sisi ndio wachapa kazi. Jitambulishe kwa mzee wa mtaa, na jiunge na jumuiya ndogo ndogo ya parokia. Wakati wa uchaguzi, maneno yawe machache.

Kuhusu ploti, tahadhari. Mombasa kuna desturi ya "nyumba bila shamba": nyumba ni yako, lakini ardhi ni ya mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Mtu wa kwetu anaweza kutoa akiba ya miaka yote akidhani amenunua vyote viwili. Usitoe hata shilingi kabla ya kutafuta jina la mwenye ardhi katika ofisi ya serikali ya ardhi.

6. WAHUBIRI WANAOITA WATU

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga chakula mpaka kufa. Walitoka sehemu nyingi za Kenya, pamoja na watoto. Tukisikia mafundisho yanayosema uza shamba lako, toa watoto shuleni, usiende hospitali, usiongee na ndugu zako, tushtuke mapema. Imani ya kweli haimkatazi mtu kumwaga mama yake. Tusome pamoja Mithali 14:15.

MASWALI YA MAZUNGUMZO
(Kiongozi agawe watu katika vikundi vya watano watano. Asiyesoma asomewe.)

1. Ni nani katika kijiji chetu yuko Pwani sasa? Tunajua anaishi wapi?
2. Wawili waigize: mmoja ni wakala anayetafuta wasichana wa kazi, mwingine ni mzazi. Mzazi aliuliza maswali gani? Alisahau yapi?
3. Katika Luka 10:25-37, msafiri alisaidiwa na mtu wa kabila lingine. Hilo linatufundisha nini sisi tunaokwenda Pwani, na sisi tunaopokea wageni hapa Suneka?
4. Mwanachama akiibiwa pesa ya kikundi safarini, hasara ni ya nani? Patana leo, kabla haijatokea.

KAZI YA NYUMBANI: Kila kikundi kifungue daftari la wasafiri. Katibu aandike jina, mahali, simu ya mwenyeji na siku ya kurudi. Siku ikipita bila habari, mtu apige simu; asipopatikana, habari ifike kwa chifu na polisi. Namba za dharura ni 999 au 112.

Kile kikundi tulichoanza nacho kilikaa mara tatu. Karatasi ya hospitali ililetwa, ikasomwa mbele ya wote. Walikubali kwamba hasara ni ya kikundi, na kijana akajitolea kulipa sehemu kidogo kidogo kwa kazi ya mikono. Pesa zilizoibwa hazikupatikana. Lakini mama yake alirudi mikutanoni, na yeye ndiye anayeshika daftari la wasafiri mpaka leo.

Mungu awalinde walio njiani.