Pikapu Inapopiga Kama Bunduki

Leo tunapenda kujibu jambo ambalo wenye magari wengi wametuuliza. Kwa nini pikapu ikiteremka mlima, kama ule wa kushukia bandarini Mkoani, bomba la moshi hupiga «pa! pa!» kama bunduki? Wengine wamekwisha ambiwa na mafundi kwamba injini imekufa, nao wako tayari kutumia fedha ya karafuu za msimu mzima kununua nyingine. Tunawaomba wangoje kidogo.

Mwezi wa Juni 2022 chama kilitutuma Mwanza, wilaya ya Nyamagana, kununua pikapu kuukuu ya petroli kwa ndugu wa mwanachama mwenzetu. Tuliijaribu kutoka mjini hadi Nyegezi. Ikipanda, kimya. Tukiachia mafuta kuteremka, ikapiga hata kuku wa watu wakatawanyika. Fundi wa kwanza akasema valvu zimeungua, injini ifunguliwe, na bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya bei ya gari lenyewe. Fedha ile ilikuwa yenu, si yetu, basi tukatafuta maneno ya mtu wa pili.

Huyu alikuwa mzee wa Kisukuma, akifanya kazi chini ya mwembe pale Mkuyuni. Baada ya «mwangaluka» hakugusa spana. Aliuliza tu: «Inapiga wakati gani, shehe? Na mlio unatokea wapi, kwenye kabureta au nyuma bombani?»

Maswali hayo ndiyo somo letu. Mlio ukitokea kwenye kabureta, ugonjwa ni mwingine, na hatuuelezi leo. Ukitokea bombani, sikilizeni wakati wake. Valvu ya moshi iliyoungua hailii mteremkoni tu. Hupumua kwa mpigo mmoja mmoja hata gari likisimama, kama mtu anayetwanga, na nguvu hupungua. Plagi au waya mbovu hulia ovyo, zaidi gari linapobeba mzigo, na bombani hunuka petroli mbichi. Cheche ikichelewa, gari huwa zito na bomba hupata moto kupita kiasi. Ama gari lenye nguvu zake zote, linalolia pale tu mguu unapoachia mafuta, hilo aghlabu lina ufa au lina njaa ya petroli.

Sababu yake ni hii. Petroli isiyowaka yote ndani ya silinda hutoka nayo ikaingia bombani, na bomba ni moto. Ikikutana humo na hewa mpya, huwaka huko huko. Hewa hiyo huvutwa penye ufa: gasketi iliyo baina ya injini na bomba, kiungo kilicholegea, au tundu la kutu.

Mzee alingoja injini ipoe kabisa, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, akaiwasha, na kijana wake akaziba nusu ya mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene. Mara povu likachemka penye gasketi, karibu na silinda ya nne, na hapo palikuwa na alama nyeusi ya masizi ambayo fundi wa kwanza hakuitazama. Ilibadilishwa gasketi, nati zikakazwa kidogo kidogo kwa zamu, na mlio ukaisha. (Kazi hii ifanyike uwanjani, si ndani ya banda, kwa kuwa moshi wa petroli una sumu isiyonuka. Hata ufa mdogo ulio karibu na kibini waweza kuua aliyelala garini.)

Tulipoaga akatuambia: «Mkifika pwani itapiga tena, msiogope.» Hatukumwelewa. Mwanza ipo mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya kwetu kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ile, ikiletwa pwani kwenye hewa nzito, hutoa petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, na mchanganyiko mwembamba hauwaki vizuri. Shinyanga, Singida na Dodoma tulipita kimya. Tulipoipita Morogoro, «pa!»

Tukafanya kama alivyotuelekeza. Injini ikiwa na moto wake, tukaifungua skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko kuelekea kushoto, tukasikiliza, tukaongeza robo nyingine, mpaka ikatulia. Katika kabureta nyingi kushoto ni kuongeza petroli, lakini tazameni kitabu cha gari lenu. Magari mapya yenye kompyuta hujipima yenyewe, wala msitafute skrubu hiyo.

Hapa kwetu, hata hivyo, anzeni na ufa kabla ya skrubu, maana chumvi ya bahari hula mabomba. Na gari linalopiga lisipakie makonyo makavu wala magunia matupu, kwa sababu cheche zaweza kutoka bombani.

Mwenye kutaka kuona jinsi ufa unavyotafutwa kwa povu na aje ofisini Jumamosi asubuhi mapema, gari likiwa limelala usiku kucha na bado baridi. Sabuni tunayo, kitambaa aje nacho.