SOMO LETU: NANI ANA RUHUSA YA KUFUNGA MTANDAO?



Tarehe 12 Agosti 2021, siku ya kupiga kura, wengi wetu hapa Mwansabombwe na kule Nchelenge tulidhani simu zetu zimeharibika. Wengine tulinunua vocha ya pili bure. Ujumbe wa WhatsApp ulikwama, kisha Facebook, Twitter na Instagram zikafuata. Simu ya kawaida iliita kama siku zote. Ndipo tulipotambua kwamba mnara mzima, ila kuna mkono uliofunga.

Siku chache kabla, ofisa mkuu wa Wizara ya Habari alikanusha kwamba mtandao utafungwa, na papo hapo akaonya wenye kueneza uongo. Tuyapime maneno hayo. Uongo wakati wa uchaguzi upo, hatukatai. Lakini mlango ukifungwa, mwongo na mkweli wote hubaki nje. Matokeo ya kila kituo hubandikwa kituoni. Mchuma chai wa Kawambwa huweza kulinganisha karatasi ya kituo chake na ya mwenzake wa Mansa kwa kutumiana picha. Njia hiyo ikikatwa, mnyonge ana karatasi moja, mkubwa anazo zote.

Chapter One Foundation ilikwenda mahakamani. Tarehe 13 Agosti Mahakama Kuu ya Lusaka iliamuru ZICTA, mamlaka ya mawasiliano, ifungue. Tarehe 21 Machi 2022 kesi ilimalizwa kwa makubaliano: ZICTA isikatize mawasiliano nje ya uwezo iliopewa na sheria, na yakikatika iwaeleze wananchi sababu katika muda wa saa 36. Namba hiyo ishikeni.

Wenzetu wa Kilwa na Pweto, ng'ambo ya Mweru, walibanwa zaidi: Kongo ilifunga intaneti tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, kwa siku karibu 20. Tanzania nayo ilifunga tarehe 29 Oktoba 2025.

Tena tusidhani ni tabia ya chama kimoja. Sheria ya mtandao ya mwaka 2021 ilitungwa chini ya PF; UPND ilipokuwa madarakani ilileta mbili mpya mwaka 2025. Wajumbe wa matawi wazisome kabla ya kuzisifu au kuzilaani.

Katika mkutano ujao kila mmoja aje na jibu: ujumbe ukikwama siku ya kura, tawi litapataje matokeo ya kituo cha jirani? Ndugu wa Nchelenge wamekwisha kupendekeza baiskeli.