Kumkanda Miguu Mgonjwa wa Saratani
Mtu wa Mapinga anayetibiwa Ocean Road anarudi jioni hoi, kachoshwa na dawa na daladala pia. Ukimkanda nyayo huenda akapata usingizi. Si jambo dogo, lakini ndiyo hilo tu: kukanda hakuondoi uvimbe. Ile michoro ya "hapa ini, pale figo" ilienezwa na Eunice Ingham, Mmarekani, miaka ya 1930, na sayansi haijaithibitisha. Anayemwambia mgonjwa aache mionzi aje kukandwa, mkimbieni.

Kwanza mgonjwa amuulize daktari au nesi wake. Kisha tazama miguu yote miwili. Mmoja ukiwa umevimba, una moto na unauma kuliko mwenzake, usiuguse. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na hospitali ni siku hiyohiyo. Baadhi ya dawa za saratani hutia nyayo ganzi, kwa hiyo "bonyeza tu, siumii" isikudanganye. Wengine hupungukiwa chembe za kugandisha damu, kidole gumba kikikaza kidogo tu kinaacha alama. Kidonda na ngozi iliyopigwa mionzi, pita mbali.

Kata kucha, nawa mikono. Shika taratibu kama unampaka mtoto mafuta, dakika 15 zinatosha. Na omba ruhusa kila siku: "Shikamoo mama, nikushike miguu?" Akisema leo hapana, kaa mpige stori. Maswali ya ugonjwa mwachie ayaanzishe mwenyewe (sisi wa ualimu tunapenda mno kuuliza), na akitaka kunyamaza, nyamazeni wote.