Mume na Mke Wakitafuta Kazi Wote Wawili

Zamani huku Tanga mume alikwenda kukata mkonge, mke akalima chakula. Siku hizi wote wawili wamesoma, na wote wawili huomba kazi. Basi mmoja akiitwa Lushoto mlimani, na mwenziwe Pangani pwani, nani amfuate mwenziwe?

Mwazijua habari za Akila na Prisila, jinsi walivyotoka Rumi wakaja Korintho, kisha wakaenda Efeso. Lakini wao kazi yao ilikuwa moja, na mahema hushonwa popote. Ninyi kazi zenu ni mbili.

Nami nina kosa la kuungama. Nilipohamishwa usharika, mke wangu alikuwa mwalimu. Nilifunga mizigo bila kumwuliza. Alinyamaza, nami nikadhani amekubali. Baada ya miaka minne nilimkuta akiyafungua madaftari yake ya kufundishia, nikafahamu kwamba nimemnyang'anya kitu nisichokihesabu.

Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, shaurianeni kabla barua haijafika. Kila mmoja aseme ni neno gani hawezi kuliacha, na ni neno gani aweza kulivumilia. Barua ikiisha kufika, tamaa na hofu hushika mashauri.

Pili, fanyeni hesabu yote, si ya mshahara tu. Andikeni kodi ya nyumba mbili, nauli, na ujira wa mlezi wa mtoto. Mshahara uliozidi kidogo waweza kuishia njiani. Tena mtumishi wa serikali aweza kuomba uhamisho ili amfuate mwenzi wake wa ndoa. Lakini kuomba si kupewa.

Tatu, aliyeacha kazi asihesabiwe kuwa hana kitu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Ikiwa mahakama inazihesabu, wewe mume utaachaje kuzihesabu? Tena zamu na igeuke: aliyefuatwa leo, kesho naye afuate.

Waalimu, waulizeni wachumba kabla ya ndoa: "Mkiitwa kila mtu mahali pake, mtafanyaje?" Wasipoweza kujibu, msiwakemee. Waende wakazungumze, kisha warudi.