SOMO LA MWEZI: MASHINE YA MAREHEMU ITIWE BEI GANI?



Siku ya kuanua matanga ukoo hukaa kitako kuhesabu mali ya marehemu. Juu ya shamba na nyumba watu hupatana. Lakini huku kwetu pwani mara nyingi maneno huanzia kwenye mashine ya boti, ile kuukuu iliyoegemezwa ukutani na kufunikwa gunia. Baba mdogo husema, "Chuma chakavu hicho, nipeni iwe kumbukumbu ya ndugu yangu." Kijana aliyekuwa akivua na baba yake hujibu, "Mashine hii ndiyo iliyotulisha. Mpya yake ni mamilioni." Mjane hunyamaza. Somo hili ni kwa ajili yake, maana bei ikikosewa, hasara ni yake na watoto wadogo.

1. Bei ya haki ni ipi?

Si bei aliyonunulia marehemu, wala si bei ya mpya dukani, wala si ya chuma chakavu. Bei ya haki ni ile ambayo mvuvi asiye wa ukoo, akiijua hali ya mashine, angeitoa leo pale dikoni. Ulizeni mashine kama hiyo *iliuzwa* kiasi gani, si inaombwa kiasi gani.

Mithali 20:14 inatuonyesha mnunuzi anayekitia kitu ila mbele ya mwenyewe, kisha akiondoka nacho anajisifu. Kwa hiyo anayetaka kuichukua mashine asiwe ndiye anayeitia bei, hata kama yeye ndiye msimamizi wa mirathi.

2. Ipimwe kabla ya kutajwa bei

Someni kibao chake: chapa, namba na nguvu zake. Pimeni urefu wa shafti: fupi hufaa boti yenye ubao wa nyuma wa karibu sentimita 38, ndefu ile ya karibu sentimita 51. Isiyolingana na boti za mahali penu haitapata mnunuzi upesi.

Kisha iteni fundi asiye jamaa wa mtu yeyote. Wakiwa wawili ni bora zaidi. Msiiwashe kavu, maana pampu ya maji huharibika mara moja. Iwekwe katika pipa la maji yasiyo na chumvi, naye fundi aangalie haya:

(a) Je, maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu?
(b) Je, kompresheni ya silinda zote inakaribiana? Zikitofautiana sana, ringi au pistoni zimechoka.
(c) Je, oili ya gia ni safi? Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.
(d) Je, chumvi imekula bolti na njia za maji kwa kiasi gani?
(e) Je, vipuri vinapatikana? Kwa mfano, utengenezaji wa mashine za Evinrude ulikomeshwa mwaka 2020. Mashine kuukuu hata ikinguruma vizuri, isiyo na vipuri haina bei kubwa.

3. Hesabu yake

Tuseme, kwa mfano tu, mashine nzima ya aina hiyo huuzwa shilingi 2,000,000, na fundi asema matengenezo ni 600,000. Basi thamani yake ni 1,400,000. Ikiwa fungu la kijana katika mirathi ni 2,000,000, atachukua mashine na 600,000 za kuongezea. Lakini bei ikiandikwa 500,000 kwa upendeleo, shilingi 900,000 zimetoweka, na mjane na watoto wengine wamekosa sehemu yao.

Tena msimpandishie kijana bei kwa kuwa mnajua anaihitaji. Huo nao ni udhalimu. Kama fungu lake halitoshi, alipe kidogo kidogo kwa maandishi. Na baba mdogo akitaka kumbukumbu, ainunue kwa bei ile ile.

4. Iandikwe

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya mirathi ya Tanzania, Sura ya 352, humtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha ya mali na makadirio ya thamani yake katika miezi 6 tangu kupewa usimamizi, na hesabu kamili katika mwaka 1, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Andikeni mashine, boti na nyavu kila kimoja peke yake, na karatasi ya fundi iwekwe pamoja. Mjane asomewe yote kabla ya kuweka sahihi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika ukoo wetu, nani hutaja bei, na nani hunyamaza?
2. Je, kuna mali tuliyoichukua kwa jina la kumbukumbu bila kuilipia?
3. Someni Luka 12:13–15. Kwa nini Bwana alikataa kuwa mgawanyaji, akaonya juu ya choyo?